Kiwanja Hakina Kosa: Nyumba na Ardhi katika Vilima vya Wabatemi

Familia inayotaka kujenga siku hizi katika kijiji cha Digodigo, kwenye vilima vya Wabatemi, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, huanza na ramani, na mara nyingi ramani hiyo imeshachorwa kwa ajili ya mtu mwingine: vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani na kibaraza mbele, yote ndani ya mstatili. Ikipelekwa kwenye ardhi, ardhi inaikataa. Huku mfereji umekata kona, kule mpaka wa jirani umepinda, na nyuma mlima unapanda. Hapo husemwa kwamba kiwanja kimekaa vibaya. Historia ya ujenzi katika vilima hivi haiungi mkono lawama hiyo. Kwa karne nyingi umbo la kiwanja halikuwa kasoro hapa, kwa kuwa nyumba ilikuwa jambo la mwisho kuamuliwa, baada ya maji, shamba na usalama. Kiwanja kilianza kuonekana kibaya pale utaratibu ulipogeuzwa na nyumba ikatangulia.

Wabatemi, ambao maandishi ya kikoloni yaliwaita Wasonjo, ni wakulima wa umwagiliaji katikati ya nchi ya wafugaji. Robert Gray, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwao katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu mwaka 1963, alionyesha kwamba kila kitu katika vijiji hivyo kilifuata maji. Chemchemi na mito ilielekezwa kwenye mifereji, na zamu za kumwagilia zilikuwa mikononi mwa wenamiji, wazee wanaorithi madaraka hayo. Ardhi inayofikiwa na mfereji ilikuwa haba na ya thamani, kwa hiyo hakuna aliyeiziba kwa nyumba. Makazi yalipandishwa kwenye miteremko ya mawe juu ya mashamba, yakabanana pamoja ndani ya uzio wa miiba wenye milango mizito ya mbao, kwa kuhofia uvamizi wa Wamaasai. Henry Fosbrooke, aliyechunguza njia za kujihami za makabila ya kaskazini katika miaka hiyohiyo, aliwahesabu Wabatemi miongoni mwa waliojenga kwa tahadhari hiyo. Hivyo familia ilipata mahali pa kuishi katika ardhi iliyobaki baada ya mahitaji mengine yote kutimizwa, na ardhi iliyobaki haiwezi kuwa na pembe nne zilizo sawa.

Nyumba yenyewe ilikubaliana na hali hiyo. Ilikuwa ya duara, fito zimepindwa na kuezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, bila kutenganisha ukuta na paa. Kwa hesabu ya fundi, duara linadai kitu kimoja tu, yaani kitovu chenye nafasi ya kutosha kukizunguka. Mstatili unadai zaidi: pembe nne, pande zinazolingana mbili mbili, na ardhi iliyosawazishwa hadi kwenye kila kona. Kona moja ikiangukia kwenye mwamba, nyumba nzima inasogezwa. Duara likikutana na mwamba husogea hatua mbili tu, na pengo linalobaki kati ya nyumba na nyumba huwa njia ya watu na mbuzi. Mwanamume mwenye wake kadhaa hakuhitaji eneo moja kubwa pia, maana kila mke alikuwa na nyumba yake, na familia iliweza kukua kipande kwa kipande kadiri mteremko ulivyoruhusu.

Ushahidi wa zamani zaidi uko kusini, Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Mjerumani Hans Reck aliyaandika magofu yake mwaka 1913, Louis Leakey akayachunguza mwaka 1935, kisha Hamo Sassoon na John Sutton wakafuatia. Kuanzia takribani karne ya 15 hadi ya 18, wakulima wa hapo walimwagilia eneo la hekta zipatazo 2,000. Nyumba zao zilikaa kwenye mteremko, juu kidogo ya mashamba, na hapo mbinu yao bado inaonekana wazi. Upande wa juu wa mlima ulichimbwa, udongo ukatupwa upande wa chini, ukazuiwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa. Likatokea jukwaa dogo la kutosha nyumba, jingine chini yake, na jingine pembeni, kila moja kwa kipimo chake. Leakey alikadiria wakazi kuwa 30,000 hadi 40,000. Waliomfuata wamepunguza idadi hiyo mno. Ila hata kwa makadirio madogo, maelfu ya watu waliishi vizuri mahali ambapo mpimaji wa leo asingepata viwanja viwili vinavyofanana.

Mstari mnyoofu uliingia nchini kama amri kabla ya kuwa desturi. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziliigawa Dar es Salaam kwa aina ya majengo, na baadaye Kariakoo ikachorwa mitaa inayokatana kwa pembe mraba. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na wananchi wote wawe wamehamia ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Sehemu nyingi nyumba zilipangwa safu kwa safu kando ya barabara. Wabatemi walikuwa wameishi vijijini, tena vijiji vilivyobanana, kabla serikali haijawahi kufikiria jambo hilo. Walichokosa machoni pa mpangaji ni safu. Bati likakamilisha kazi. Nyasi hufuata umbo lolote, lakini bati ni karatasi ndefu iliyonyooka, na kenchi zake zinataka kuta zilizo sambamba. Ndiyo maana leo fundi anayeseti msingi huanza na mambo na kamba, akipima futi 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na 5 kutoka ncha hadi ncha ili apate pembe mraba.

Wapo watakaosema kwamba nawapamba wazee kwa hekima ambayo ilikuwa hofu tu: walipanda mlimani kwa kukimbia mishale na mikuki, na amani ilipokuja, sababu ya kubanana ikaisha. Ni kweli hofu ilikuwepo, lakini haielezi yote. Uzio ungeweza kuzungushwa hata bondeni. Kilichozuia nyumba kushuka ni thamani ya shamba la mfereji, na thamani hiyo haikuondoka na vita. Wengine watasema mistari inaleta barabara, bomba na zahanati, na kwamba gari la wagonjwa halipiti kwenye kichochoro cha mbuzi. Hoja hii ina uzito, nami naikubali kwa upande wa barabara. Barabara ni ya wote na inahitaji kunyooka. Hiyo haina maana kwamba kila nyumba iliyo nyuma yake lazima inyooke nayo. Pingamizi gumu kuliko yote ni kwamba duara limepitwa na wakati, kwani kitanda na kabati havikai kwenye ukuta uliopinda.

Jibu la pingamizi hilo liko pwani. Waashi wa Lamu na Unguja walijenga vyumba vya mstatili kwenye viwanja vilivyopinda kuliko vya Digodigo. Boriti za mikoko hazikuruhusu chumba kuzidi upana wa takribani mita 3, hivyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, vikapangwa kufuata ukuta uliokuwa mzuri. Upungufu wa kiwanja ukaachiwa kiwanda, yaani ua wa katikati, ngazi na unene wa kuta. Nafasi ilipoisha kabisa, Lamu walijenga wikio, chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Hawakuacha pembe mraba. Waliamua ni wapi iwe lazima na ni wapi isamehewe.

Hilo ndilo somo la Digodigo pia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua haki ya kimila ya kumiliki ardhi, na hati yake hutolewa kwa kipande cha ardhi jinsi kilivyo, bila kudai kwamba kiwe mstatili. Basi familia itembee kwanza kiwanjani: mvua inashukia wapi, mfereji unapita wapi, jirani anapita wapi, upande gani mrefu umetulia. Nyumba ya kulala ilazwe sambamba na mteremko kwenye upande huo, ili udongo wa kuchimba uwe mdogo; pembe kali zinazobaki zipewe jiko la nje, choo, tenki la maji na miti. Ramani ichorwe baada ya hapo. Kuichora kabla hakubadilishi mlima. Kunaongeza tu gharama ya ukuta wa kuzuia udongo, na wakati mwingine kunazaa kesi ya mpaka na jirani.