Feza ya madini Kalima: namna ya kutenganisha habari na uvumi

Kalima, katika teritwari ya Pangi, inaishi na kasiterite tangu wakati wa wakoloni. SOMINKI ilichimba pale kuanzia 1976, kisha 1997 ikaja SAKIMA, ambayo leo ni kampuni ya serikali. Kila mara uvumi uleule unarudi: kampuni imelipa, wakubwa wamekula. Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa uongo. Bila hesabu, hakuna wa kuamua.

Sheria inasema nini?

Kode ya madini ya 2002, iliyobadilishwa mwezi wa tatu 2018, inagawa redevansi ya madini hivi:

- 50% serikali kuu
- 25% jimbo
- 15% sekta, shefferi, komine ao mji ambamo madini yanatoka
- 10% mfuko wa vizazi vijavyo

Redevansi hailipwi na wakrezeri. Ujumbe unaosema "redevansi ya wakrezeri imekuliwa" umepotea tangu mwanzo. Mbali na hiyo, kampuni yenye kibali cha kuchimba inapaswa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka juu ya maendeleo ya wenyeji. Mikataba nayo, amri ya tarehe 20/5/2011 inaomba itangazwe ndani ya siku 60.

Nani anasema, nani analipa?

Kupaji ni feza mwandishi wa habari anapewa na yule aliyemualika. Kwenye redio nyingi mshahara ni kidogo ao hakuna kabisa. Kwa hiyo kampuni ao mwanasiasa anaweza kununua sauti bila msikilizaji kujua. Kama kipindi kimelipiwa, redio iseme wazi kwamba ni tangazo. Mtu aliyesemwa vibaya ana haki ya kujibu kwenye redio ileile: iko ndani ya sheria ya habari ya tarehe 13/3/2023. Malalamiko yanapelekwa kwa CSAC.

Mbele ya kutuma ujumbe wa WhatsApp, uliza:

1. Ni feza gani: redevansi, 0,3% ao kodi ingine?
2. Nani alilipa, mwaka gani, na nani alipokea?
3. Karatasi iko wapi?

Ripoti za ITIE, ambamo Congo iliingia 2008, zinaweka pamoja kile makampuni yanasema yamelipa na kile serikali inasema imepokea. Kama hesabu mbili hazipatane, hapo kuna swali la kuuliza wakubwa, na majina na mwaka viko tayari. Kama karatasi haiko, usitume. Enda kwanza kuuliza kwenye biro ya sekta ao ya komine.