Hadithi yako ni mali yako: haki na wajibu wa waandishi kambini

Je, unaandika mashairi, hadithi au simulizi za maisha ukiwa Kakuma au Kalobeyei? Huenda umewahi kutuma shairi kwa wenzako kwa simu, kisha ukalikuta mahali pengine likiwa na jina la mtu mwingine. Haya ndiyo mambo ya kujua kabla hujashiriki kazi yako au ya mwenzako.

Hakimiliki ni nini?

Ni haki ya mtunzi kuamua nani anaweza kunakili, kutafsiri, kuchapisha au kuuza kazi yake. Nchini Kenya inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Haki hii huanza mara tu unapoandika kazi yako kwenye daftari au simu, au kuirekodi. Si lazima uisajili kwanza. Hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya mwaka utakaofariki, hivyo warithi wako pia hufaidika.

Wazo peke yake halilindwi. Watu wawili wanaweza kuandika kuhusu safari ileile ya kukimbia vita. Kisichoruhusiwa ni kuchukua maneno ya mwenzako.

Je, mkimbizi ana haki hii?

Ndiyo. Kifungu cha 14 cha Mkataba wa 1951 kuhusu Hali ya Wakimbizi kinasema kuwa kazi za fasihi, sanaa na sayansi za mkimbizi zilindwe sawa na za raia wa nchi anayoishi. Mtu hawezi kuchukua kazi yako kwa sababu tu wewe si Mkenya.

Kabla ya kutia sahihi

- Kumhamishia mtu haki zako ni lazima kuwe kwa maandishi yenye sahihi yako. Kumwambia mtu "tumia tu" hakumfanyi mwenye kazi.
- Ukiajiriwa au ukilipwa ili uandike, sheria huchukulia kuwa haki ni za aliyekuajiri au aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hili linahusu hata mashirika ya misaada. Uliza kabla ya kuanza kazi.
- Hata ukihamisha haki zako, bado una haki ya kutambuliwa kuwa ndiwe mwandishi.
- Usitie sahihi karatasi iliyo katika lugha usiyoielewa. Omba mtu unayemwamini akusomee.

Kanuni za kufuata kikundini

- Taja jina la mwandishi kila unaposambaza kazi yake, na uombe ruhusa kwanza. Kutafsiri pia kunahitaji ruhusa.
- Ngano na methali za jadi ni za jamii nzima. Taja jamii zilikotoka na, akikubali, mzee aliyekusimulia.
- Maneno ni yako, lakini maisha unayoyasimulia yanaweza kuwa ya mtu mwingine. Aliyekimbia huenda bado anatafutwa, na jamaa zake huenda wamebaki nyumbani. Mweleze nani watasoma, omba idhini yake, kisha badilisha jina, kijiji na chochote kinachoweza kumtambulisha. Akibadili nia, ondoa simulizi hiyo.
- Usitumie picha ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi.

Kazi yako ikichukuliwa, ufanye nini?

1. Hifadhi rasimu zako zikiwa na tarehe, na upige picha ya skrini ya mahali ulipoikuta.
2. Zungumza na aliyeichukua. Wengine hawajui kuwa wamekosea.
3. Akikataa, peleka ushahidi wako kwa shirika linalotoa msaada wa kisheria kwa wakimbizi kambini.

Unaweza pia kusajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Usajili ni wa hiari, lakini cheti husaidia kuthibitisha umiliki wako mzozo ukitokea.