Saa ya Mkono ya Babu na Mawe ya Katanga

Katika nyumba nyingi hukutwa saa ya mkono ya zamani, ambayo babu aliivaa akaiachia wanawe. Imesimama, tarakimu zake zimegeuka rangi ya kahawia, na kijana wa nyumba ataka kuifungua aisugue ipate kung'aa. Kuitunza ni vema. Lakini kabla hajaigusa yafaa ajue habari ya rangi ile iliyopakwa juu ya tarakimu, maana habari hiyo yapita kwetu Katanga.

Zamani wanaume wa Ulaya walichukua saa mfukoni, imefungwa kwa mnyororo. Saa ya mkono waliihesabu kuwa pambo la wanawake. Vita ya 1914-1918 ndiyo iliyogeuza mambo. Askari katika handaki hakuweza kupapasa mfuko kila mara, tena usiku hakuthubutu kuwasha kibiriti, adui asimwone. Basi mafundi wakapaka tarakimu na mishale rangi ya kung'aa gizani: unga wenye zinki, umechanganywa na radiumu kidogo sana.

Radiumu ilivumbuliwa na Pierre na Marie Curie huko Paris, mwaka 1898. Ilikuwa haba, na bei yake ilipita mbali ile ya dhahabu. Mwaka 1915 mawe ya urani yalionekana Shinkolobwe, karibu na Likasi, nayo yalikuwa na urani nyingi ajabu. Tangu 1922 yalisafishwa Olen, katika Ubelgiji, na kwa miaka kama kumi Ubelgiji ikauza sehemu kubwa ya radiumu ya dunia. Watu husifu mafundi wa Uswisi. Wachimbaji wa Shinkolobwe hutajwa mara chache.

Huko Orange, New Jersey, katika Marekani, wasichana walipaka nyuso za saa. Walifundishwa kuchonga ncha ya burashi kwa midomo yao, na kila mara wakameza radiumu kidogo. Rangi yao ilitoka zaidi katika mawe ya Marekani yenyewe, lakini sumu ni ile ile. Radiumu huingia mifupani na kukaa humo. Meno yao yaling'oka, taya zikaoza, na wengi wakafa. Grace Fryer na wenzake wanne walishtaki kampuni, na mwaka 1928 wakapatana nayo kabla ya hukumu: kila mmoja alipewa dola 10,000, pamoja na malipo ya kila mwaka.

Turudi sasa kwa saa ya babu. Unga wa zinki huchakaa upesi, ndiyo sababu saa haing'ai tena, na mtu adhani dawa imekufa. Sivyo! Radiumu hupunguka nusu baada ya miaka 1,600. Saa iliyofungwa, yenye kioo kizima, hatari yake ni ndogo. Hatari kubwa ni vumbi la rangi ile, likivutwa puani au kumezwa. Kwa hiyo usiifungue nyumbani, wala usikwangue uso wake. Ule ukahawia uache.

Nje waweza kuipangusa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, si kuitia majini, kwa kuwa mipira ya kuzuia maji imekwisha oza. Mkanda wa ngozi uliojaa jasho utoe, utie mwingine. Mashini ya ndani ni kazi ya fundi: mafuta ya zamani hugeuka gundi, na saa ikitembezwa hivyo magurudumu yake hulika. Fundi huyatoa, huyaosha kwa benzini, kiisha hutia tone dogo la mafuta mapya. Lakini umwambie kwanza habari ya radiumu, na kama hana vyombo vya kujikinga, asiguse. Saa yenye kioo kilichopasuka itiwe katika mfuko, ufungwe vizuri. Uiweke mahali penye hewa, mbali na watoto na chumba cha kulala.

Ukiona herufi T chini ya uso wa saa, kando ya jina la Uswisi, hiyo ni ya miaka ya 1960 au baadaye. Mahali pa radiumu walitia tritiumu, ambayo hupunguka nusu kwa miaka 12 tu.