Hitilafu
Neno hitilafu, tulilolipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni kutofautiana. Na maana hiyo kongwe ndiyo imfaayo fundi wa Embu au Meru aletewaye Mercedes ya mwishoni mwa miaka ya 1990, ambayo, baada ya kupanda na kushuka mabonde ya Chuka na Nkubu, hung'ang'ania gia ya pili, kisha ikizimwa na kuwashwa hurejea hali yake kana kwamba haikuugua kamwe. Hapo si lazima giaboksi iwe imekufa. Yumkini sensa za mwendo na kompyuta yake hazipatani, au mafuta ya giaboksi yamepenya kwenye plagi ya nyaya. Basi, ewe fundi, pima mafuta na uisome kompyuta gari likingali moto, kabla hujaifungua giaboksi.