Herufi za Kilwa na kitufe kilichofichwa

Mwaka jana bibi yangu wa Kilwa Kivinje alinipa barua ya marehemu baba yake, iliyotoka Lindi, nimsomee. Mimi na shahada yangu ya uzamili nikakwama. Ni Kiswahili kitupu, ila kwa herufi za Kiarabu. Bibi anazijua, macho ndiyo yamemchoka.

Nikasema basi, niinakili kwenye kompyuta, niikuze. Programu huria niliyokuwa nayo haikuonyesha kitufe cha kuandika kutoka kulia. Kumbe kipo, ila mpaka ukiwashe kwenye mipangilio.

Zamani hapa kwetu mambo yalikuwa kinyume. Sarafu za shaba za Kilwa, kama za Ali bin al-Hasan, zina maandishi ya Kiarabu, na herufi hizo hizo ndizo watu wa pwani walizoandikia Kiswahili. Hazikutosha: p na ch zilihitaji herufi za ziada zenye asili ya Kiajemi, na irabu zilikuwa tatu tu, kwa hiyo "kuku" na "koko" ziliweza kufanana. Karne ya 19, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alitumia alama za ziada kutofautisha sauti hizo.

Kisha shule za serikali ya Wajerumani zikafundisha herufi za Kilatini, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikasanifisha Kiswahili kwa herufi hizo. Nyumbani watu waliendelea na zao. Kilichobadilika ni kile unachokikuta kimeshawekwa kabla hujachagua.

Kompyuta zikarithi hali hiyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, hatua kubwa kweli, kwa herufi za Kilatini. Mwaka huo huo ilitoka Firefox 1.0, iliyozoesha wengi programu-jalizi: vipande vya hiari unavyovipachika, ukivizima programu inarudi ilivyokuwa. Hata lugha ya menyu zake inaweza kubadilishwa hivyo.

Kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, Kevin Donnelly alitengeneza Andika!, vifaa huria vya kuandikia na kugeuza hati moja kuwa nyingine. Maneno yanabaki yale yale, sura ndiyo inayobadilika.

Hiari ni jambo jema. Skrini ni ndogo, na si kila mtu anahitaji kila kitufe. Lakini utachaguaje usichojua kama kipo? Halafu programu kuu ikisasishwa, kipande kisicho na mtunzaji kinaachwa nyuma hadi kigome. Hati isiyo na wanafunzi nayo ni hivyo hivyo.

Niliimaliza barua kwa wiki mbili, nikikosea na kurekebishwa. Nikazikuza herufi, bibi akasoma mwenyewe, akacheka. Baba yake alikuwa anadai pesa za nazi.

"Sasa kaa hapa," akaniambia. "Hii ni alifu."