Mapangaboi Mawili, Mikondo Mitatu

Utemini ni kata ya Manispaa ya Singida, kwenye uwanda wa juu wa kati, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa ndege ndogo ya injini mbili, hewa ya huku ni nyepesi, na wepesi huo unazipima vyema hoja za wabunifu kuhusu upande ambao mapangaboi yazunguke.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza safari mwaka 1946 kwa Dragon Rapide za Uingereza. Ukikaa kiti cha rubani, mapangaboi yake yote mawili huzunguka kinyume cha saa. Islander, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1965, nayo ni ya Uingereza, ila injini zake ni Lycoming za Marekani: zote huzunguka kisaa.

Ndege ikiinua pua, jani la pangaboi linaloshuka huvuta kuliko linalopanda. Kwenye Islander jani hilo huwa kulia. Kwa injini ya kulia liko mbali na kiwiliwili. Kwa ya kushoto liko karibu. Basi injini ya kushoto ikizimika, ya kulia huisukuma pua kushoto kwa nguvu zaidi, na rubani hana budi kukandamiza pedali ya kulia. Kwenye Rapide, injini ya kuombewa uzima ni ya kulia.

Kampuni ya Piper, kwa ndege yake ya Seneca ya miaka ya 1970, iligeuza mzunguko wa injini ya kulia. Majani yanayoshuka yakawa yote upande wa kiwiliwili, na hakuna injini iliyo hatari kuipoteza kuliko mwenzake. Gharama yake iko karakana: kamshafti, starta na pangaboi vya kulia havifungiki kushoto. Injini moja ya akiba humtosha fundi wa Islander. Wa Seneca anahitaji mbili.

Singida tuchague ipi? Kwenye kimo hiki injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu, na joto la mchana huzidisha hasara. Injini iliyobaki haivuti sana kando, lakini pia haipandishi ndege. Hapo kupunguza mzigo kunaokoa kuliko mzunguko wowote. Seneca II ya 1975 ilipewa turbo. Nguvu ikirudi, mvuto wa kando nao hurudi, na mapangaboi yanayopishana yanastahili gharama yake. Kwa hiyo mnunuzi wa nyanda za juu aulize kwanza habari ya turbo, ndipo aulize mzunguko.