Swichi, ruta na daraja lililosahaulika

Waulize mafundi wa mitandao tofauti ya swichi na ruta, wengi watakujibu: swichi ina kasi kwa sababu hutumia chipu, ruta ni nzito kwa sababu hutumia programu. Zamani jibu hilo lilikuwa na ukweli. Leo ruta kubwa za watoa huduma hupitisha pakiti kwa chipu, na swichi nyingi za maofisini husoma anwani za IP na kuchagua njia, kazi ambayo kwa jina ni ya ruta.

Neno swichi lenyewe ndilo lenye lawama. Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana ya California ilitoa kifaa cha Ethernet chenye milango 7. Kiufundi kilikuwa daraja: kilisoma anwani ya MAC, kikapeleka fremu kwenye mlango wake. Ila wauza ruta walikwishaliharibia daraja sifa sokoni, basi kikaitwa swichi. Cisco ikainunua Kalpana mwaka 1994 na jina likashika. Viwango vya IEEE, taasisi ya wahandisi, vikaidi kama wazee wa baraza, bado vinaandika daraja.

Kwetu swichi ni kwanza ile ya ukutani ya kuwashia taa. Na kile kiboksi cha sebuleni tunachokiita ruta? Ndani yake mna ruta, swichi na kisambaza Wi-Fi, mara nyingi na modemu. Mteja akipiga simu kwamba “ruta imekufa”, fundi makini humuuliza kwanza ni taa ipi haiwaki.